Wageni wa uwindaji, bunduki mbili na saa 15 za kusubiri Addis: wafanye nini?

Kalamu_ya_Vibali

Habari za leo wakuu. Naandaa karatasi ya maelekezo kwa wageni wawili wa uwindaji wa kitalii, baba na mwanawe, kutoka Marekani. Wanapandia Dulles, uwanja wa Washington, wanafika Addis Ababa saa moja asubuhi, na ndege ya Dar inaondoka kama saa nne usiku. Yaani saa 15 za kusubiri. Baba ana .375 H&H, kijana ana .300 Win Mag (hizo ni kaliba, yaani vipimo vya risasi zao), risasi 40 kila mmoja. Asubuhi baada ya kutua JNIA, uwanja wa Dar, wanachukua ndege ndogo ya kukodi hadi kambini. Wanataka mbogo.

Vibali vya kuingiza silaha kwa huku kwetu vimeshatoka, hivyo hapo sina shida. Shida yangu ni hizo saa 15. Bunduki zinakuwa wapi muda wote huo? Watoke kwenda mjini au wakae ndani ya uwanja? Na wakitoka, kuna nini cha maana kwa watu ambao akili zao ziko porini tayari? Baba ana miaka 67. Wanaondoka baada ya siku 16.

Lebo_ya_Mzigo

Mkuu, mji utakuja baadaye, bunduki kwanza. Jibu la "zinakuwa wapi" liko kwenye lebo itakayobandikwa Dulles. Kama tiketi ni moja, Dulles–Addis–Dar, na lebo imeandikwa DAR kwa herufi kubwa, sanduku linabaki upande wa mizigo na mwenyewe haligusi hadi JNIA. Kama imeandikwa ADD, yaani Addis, bunduki inatolewa Addis, na hapo mgeni ameingiza silaha Ethiopia bila kibali cha Ethiopia. Hilo ndilo balaa lenyewe. Chanzo chake huwa ni tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali ili kuokoa dola mia mbili, au kusubiri kunakovuka saa 24, kwani hapo safari haihesabiwi tena kuwa ya kuunganisha na mzigo kwa kawaida hurudishwa kwa abiria. Kwa saa 15 hiyo ya pili haikuhusu. Hiyo ya kwanza ihakikishe leo leo.

Waambie wasome lebo kabla sanduku halijaondoka kaunta, na wapige picha kile kipande wanachobaki nacho. Namba yake ina tarakimu 10, na kama lebo ni ya Ethiopian, tarakimu ya pili hadi ya nne ni 071. Namba hiyo ndiyo itakayowasaidia Addis. Wakishuka, kabla ya kahawa wala kitanda, waende kaunta ya transiti, waonyeshe kipande, waulize mambo mawili: sanduku limesomwa kuwa limeshuka? Limepangwa kwenye ndege ya Dar ya usiku? Wakirudi jioni waulize tena. Hapo ndipo kusubiri kurefu kunakuwa neema, maana saa 15 zinatosha kutafuta sanduku na kurekebisha makaratasi, wakati dakika 90 hazitoshi hata kumpata mhusika.

Bunduki kubaki nyuma mara nyingi si wizi, ni taarifa. Idhini ya silaha inakuwa imeingizwa kwa ndege ya kwanza tu, ya pili haina kitu, basi wapakiaji wanaliweka sanduku pembeni. Mdai wakala maandishi yanayotaja ndege zote mbili, aina ya bunduki, kaliba, namba ya bunduki na idadi ya risasi. Linganisha na kibali chenu herufi kwa herufi. Sifuri na herufi O zimeshachelewesha safari nyingi.

Risasi: ukomo ni kilo 5 kwa abiria pamoja na vifungashio, na wawili hawaruhusiwi kuunganisha kilo zao kwenye pakiti moja. Boksi la 20 za .375 ni karibu kilo moja, kwa hiyo uzito haukusumbui. Kinachosumbua ni hesabu. Kibali kinasema 40, ukifungua unakuta 43, kwa sababu tatu zilisahaulika kwenye kile kifuko cha kwenye kitako cha bunduki. Wahesabu wakiwa nyumbani, mezani, na vifuko vyote vimekung'utwa.

Bolti, kile chuma kinachovutwa kupakia risasi, isiingie kwenye begi la mkononi. Wengi huichomoa na kutembea nayo wakidhani wanaongeza usalama, kumbe sheria za Marekani haziruhusu kipande chochote cha bunduki, bolti au magazini, ndani ya ndege hata kama bunduki yenyewe iko chini. Sanduku liwe gumu, lenye kufuli, ufunguo abaki nao mwenye bunduki. Na fomu 4457 ya forodha ya Marekani, ile inayogongwa mhuri baada ya wao kuiona bunduki kabla ya safari, ikae mfukoni pamoja na pasi. Ukiifungia ndani ya sanduku umejinyima karatasi ya kuonyesha kwamba bunduki ni yako, tena mahali ambapo sanduku huruhusiwi kulifungua.

Dada_Tiketi

Kaka, umetaja saa 15, na mimi hapo nimesimama. Ethiopia iko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano. Tanzania inadai cheti kwa anayetoka nchi hizo, na pia kwa aliyekaa transiti kwenye uwanja wake wa ndege kwa ZAIDI ya saa 12. Mmarekani akiunganisha Addis kwa saa tatu haulizwi. Kwa saa 15 anaulizwa, hata asipotoka nje ya mlango. Nairobi nayo ni hivyo hivyo.

Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Una siku 16 mkononi, hivyo kijana achanjwe wiki hii, asingoje Jumatatu. Kama alishachanjwa zamani, atafute kadi yake tu, kwani tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha yote hata iliyoandikwa miaka 10.

Baba ndiye wa kuangalia. Baada ya miaka 60 hatari ya madhara makubwa ya chanjo hii hupanda, na daktari anaweza kuamua asimchanje. Akiamua hivyo, aandike msamaha kwenye kadi ile ile, sehemu yake ipo, kwa sahihi na mhuri. Barua ya kawaida ya "to whom it may concern" inazua ubishi saa nane usiku. Njia ya tatu ni kubadilisha ndege ili kusubiri kushuke chini ya saa 12. Uliza bei ya kubadilisha kabla ya lolote, pengine ni ndogo kuliko usumbufu.

Hoteli: shirika huwa linatoa chumba na usafiri kwa wanaosubiri kati ya saa 8 na 24, ilimradi hakukuwa na ndege ya karibu zaidi. Kama wateja wako walichagua wenyewe ya usiku na ya asubuhi ilikuwa na nafasi, watajilipia. Hilo ulijue sasa, wasije wakalijua mbele ya kaunta.

Mkaa_Bole

Nakubaliana na dada hapo juu. Sasa mji.

Saa moja asubuhi ya Addis ni saa sita usiku ya Washington kwa miezi hii ya msimu wetu. Mwili unadai kulala. Addis na Dar saa ni moja, kwa hiyo wakijirekebisha hapa wamejirekebisha kwa safari nzima. Ratiba ninayoiona inafaa: wafike hotelini, waoge, walale kwa muda wa saa mbili na nusu, tatu zikizidi sana, kengele ilie. Kisha watoke juani hadi jioni. Wakilala mchana kutwa, usiku wa kwanza kambini watakesha wakisikiliza fisi, na kesho yake wana kilomita za kutembea.

Kwa watu wa uwindaji kuna sehemu mbili zilizo karibu karibu, na zote ni kama kilomita nane kutoka Bole, uwanja wa ndege wa Addis. Ya kwanza ni Makumbusho ya Taifa, Amist Kilo, kwa ajili ya Lucy, ambaye wenyewe humwita Dinkinesh, mifupa ya miaka milioni 3.2 iliyopatikana Hadar mwaka 1974. Inayoonyeshwa ni nakala, wajue mapema wasinung'unike. Ya pili watu wengi hawaijui: makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa, Arat Kilo. Hapo wataona nyala wa milimani, swala mkubwa asiyepatikana nchi nyingine yoyote, ambaye sayansi ilimwandika mwaka 1910 tu. Mwindaji atasimama mbele ya pembe zile muda mrefu kuliko kwa Lucy. Wakimaliza, Kanisa la Utatu Mtakatifu alikozikwa Haile Selassie liko jirani.

Merkato waiache, muda wao haufai kupotea humo. Entoto nayo inavutia, ila ni zaidi ya mita 3,000, na Addis yenyewe ni kama 2,300. Mzee wa miaka 67 aliyetoka usawa wa bahari bila usingizi hana haja ya kupanda tena. Maji, maji, maji.

Chakula: injera na wat (mchuzi wao) iliyoiva vizuri haina neno. Kitfo, ile nyama ya kusaga isiyopikwa, waionje wakiwa wanarudi. Tumbo likichafuka Addis litafunguka kambini. Ikiwa ni Jumatano au Ijumaa, mikahawa mingi ya wenyeji haipiki nyama kwa sababu ya mfungo, wataletewa beyaynetu ya dengu na mboga.

Halafu saa. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi: asubuhi inaanza saa moja. Wewe dereva akikuambia "saa kumi nakufuata" unajua ni alasiri. Mmarekani atasikia saa kumi za kwao, yaani saa nne usiku, wakati ndege inaondoka. Tiketi inatumia saa za kimataifa, dereva anatumia zake. Waandikie zote mbili kwenye karatasi yako, na wawe wamerudi Bole saa moja jioni, 19:00. Wasisahau pia kwamba kutoka nje kunataka viza hata kama ni ya nusu siku.

Fundi_wa_Mbogo

Wengine wameshamaliza ya karatasi, mimi niongeze ya mguu na jicho.

Buti zisiende kwenye mzigo. Wavae au wazibebe mkononi, pamoja na suruali moja, shati moja na dawa. Bunduki ikichelewa, kambi inaweza kuwa na ya kukodisha. Buti namba 46 zilizokwisha kuzoea mguu hakuna kambi inayokodisha. Wakivaa safarini wazilegeze kamba, miguu huvimba.

Nguo za mabaka ya kijeshi ziachwe Marekani. Kule ni nguo ya kuwindia kulungu, huku ni kosa. Mwezi Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha nguo zinazofanana na sare zake. Kaki na kijani kibichi kilichofifia vinatosha.

Na pale hotelini au launji, wafanye kazi moja ya maana: kujifunza pa kupiga. Mwindaji wa kulungu wa Marekani amezoea kulenga nyuma ya bega. Kwa mbogo moyo uko mbele na chini zaidi ya anavyodhani. Chukua leso ya karatasi ya mgahawani, chora mbogo wa ubavu. Pandisha mstari katikati ya mguu wa mbele, simama theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili kutoka chini ya kifua. Hapo. Kisha mchore akiwa amesimama mshazari, na swali libadilike: risasi itokee kwenye mguu gani wa upande wa pili? Wachore kumi na mbili, baba amsahihishe kijana na kijana amsahihishe baba. Wakifika, mwindaji bingwa anayewaongoza atawauliza hilo hilo moto wa jioni ukiwaka.

.300 kwa mbogo haitoshi, kima cha chini kwa wanyama hatari ni .375. Kijana atumie ya baba au aombe ya kambi, na mlipange sasa, kwa sababu risasi 40 za .375 zitagawanywa kwa watu wawili.

Kalamu_ya_Vibali

Nashukuru sana wote. Ya .300 nimeiona, nitawaandikia leo. Cheti cha manjano sikukifikiria kabisa. Moja limebaki: darubini za mkononi. Ni za bei mbaya, hawataki kuziweka kwenye mzigo.

Mkaa_Bole

Hapo wachague. Forodha ya Ethiopia huzuia darubini na simu za setilaiti zisizo na kibali, na mizigo hupita kwenye mashine unapoingia nchini. Wakikaa ndani ya uwanja, wazibebe shingoni bila wasiwasi. Wakienda mjini, ziwe zimefungwa kwenye begi lenye lebo ya DAR, katikati ya nguo. Kinachogawanyika ni hivi: darubini chini, pawabenki na betri za ziada za lithiamu juu, kwa sababu hizo haziruhusiwi kwenye mzigo kabisa. Pawabenki isizidi Wh (wati-saa) 100, zaidi ya hapo hadi 160 mpaka shirika likubali.

Lebo_ya_Mzigo

Nyongeza ya JNIA. Ndege ya kimataifa inashukia Jengo la 3, ndege ndogo za kukodi ziko Jengo la 1, na kati yao unahitaji gari. Uliza pia kama sanduku gumu linaenea ndani ya hiyo ndege. Nyingi zinataka mabegi laini, kilo 15 kwa mtu. Waweke mfuko laini wa bunduki umekunjwa ndani ya sanduku, sanduku libaki ofisini kwenu Dar. Na safari ya kurudi, maganda ya risasi waliyookota kwa kumbukumbu yasiwemo mfukoni mwa koti. Mashine za Bole huyaona.