MJADALA: Tupimwe mishipa ya shingo hata kama hatuumwi?

Mtoto wa Mwaloni: Wakuu, habari za jioni. Baba mdogo ana miaka 64, wakala wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Haumwi popote. Mwezi uliopita akapita kwenye kambi ya upimaji, wakampaka ile jeli ya baridi shingoni, wakampitishia ultrasaundi, wakamwambia mshipa wa kushoto unaopeleka damu kwenye ubongo umeziba asilimia 60. Akapewa karatasi, basi. Tangu siku hiyo hageuzi shingo; ukimwita kwa nyuma anazunguka mwili mzima kama trekta. Na ameshatangaza kuuza mtumbwi na injini akafanyiwe upasuaji. Sasa kuna wanaotaka kipimo hiki kiwekwe kwenye kila kambi. Mimi nasema hapana, ni kuwatia watu kiwewe bure. Nipingeni.

Sista wa Zamu: Sikupingi. Utafiti wa ACAS wa Marekani, 1995, uliwachukua watu wa aina yake: wameziba 60% au zaidi, hawana dalili. Makadirio ya miaka 5 yalikuwa kiharusi kwa watu 11 katika 100 waliobaki na dawa, na 5 katika 100 waliopasuliwa. Yaani upasue shingo 100 ili kunusuru watu 6, na katika wale 5 wamo waliopata kiharusi au kufa kwa upasuaji wenyewe. Tena wakati ule statini, hizi dawa za kushusha mafuta kwenye damu, zilikuwa hazijaenea. Leo anayemeza dawa zake vizuri anakadiriwa hatari ya kama mtu 1 katika 100 kwa mwaka. Ndiyo maana mwaka 2021 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilirudia kusema wasio na dalili wasipimwe kwa jumla. Na wale mashine wanazo za kumwaga!

Kamanga Feri: Sista, mambo yamesogea. Utafiti mwingine, CREST-2, umetoka 2025, watu wasio na dalili walioziba 70% na zaidi, dawa za kisasa kabisa. Kwa miaka 4, waliobaki na dawa pekee 6 katika 100 walipatwa na kiharusi. Waliowekewa stenti, kile kijibomba cha waya cha kutanua mshipa, hawakufika 3. Kwenye kisu, sawa, tofauti haikuwa ya uhakika. Ila usiniambie kutojua ni tiba. Kaka yangu alianguka bafuni, hakuwahi kulalamika hata kichwa. Sasa limebaki neno moja tu, "sawa". Ukimuuliza jina la mwanawe, "sawa".

Sista wa Zamu: Pole sana ndugu yangu. Lakini hapo stenti ziliwekwa na madaktari waliochujwa kwa ustadi, na huyu mzee ana 60, si 70. Halafu asilimia peke yake haitoshi. Daktari anataka kujua utando wa mafuta unaoziba mshipa ni laini au umekauka chokaa, unaongezeka kasi gani kati ya kipimo na kipimo, na picha ya ubongo ina kovu la kiharusi kilichopita kimyakimya au haina. Foleni ya kambi itayajibu hayo saa ngapi? Mtoto wa Mwaloni, siku ile presha yake ilikuwa ngapi? Anavuta sigara? Sukari je?

Kamanga Feri: Hapo kwenye chokaa na makovu nakubali. Mimi natetea kupima, sijasema kila mtu akimbilie kisu.

Mzee wa Igoma: Mtumbwi usiuzwe kwanza.

Mtoto wa Mwaloni: Natoka kwake sasa hivi. Sigara aliacha zamani, sukari hawakumpima. Karatasi anayo, kaikunja ndani ya leseni ya biashara. Ile 60% imepigiwa mstari mara mbili. Juu kwenye kona, kwa peni inayoelekea kuisha wino, pameandikwa 178/104. Nikamuuliza, "Baba, na hii walikueleza?" Akaitazama. "Hiyo? Nilidhani namba ya foleni."