Kadi ya michoro ya RTX 3080 inachemka kwenye kesi ya kompyuta ya ukubwa wa kati: nibadili kipoozeo cha kadi au feni za kesi?

Muulizaji
Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Kadi ni RTX 3080 ya GB 10, feni tatu, urefu 318 mm. Kesi ni ya ATX ya ukubwa wa kati, nafasi ya kadi 360 mm, mbele bati tupu lenye mianya myembamba pembeni. Feni za kesi ni mbili tu za 120 mm, moja nyuma, moja juu, zote zinatoa hewa. Nipo Dar, chumba nyuzi 31, hakuna AC. Nusu saa ya gemu HWiNFO (programu ya kusoma joto) inasoma nyuzi hivi: chipu 83, Hot Spot (sehemu yenye joto zaidi ya chipu) 97, memori ya kadi 108. Feni za kadi zinanguruma kwa asilimia 90.
Nafikiria kipoozeo cha maji cha 240 mm chenye bano la kufunga kwenye chipu, au ning'oe feni za kadi nifunge mbili za 120. Kipi bora?

bisibisi
Bado hujajua mkosaji ni kesi au kadi, kwa hiyo usinunue kitu. Toa ubavu wa kesi, rudia gemu ileile dakika 30, feni za kadi uzifunge kwenye asilimia 70 mara zote mbili ili ulinganisho uwe wa haki. Chipu ikishuka nyuzi 7 au zaidi, kadi inakosa hewa. Ikishuka 2 au 3, tatizo liko kwenye kadi yenyewe.
Ila kwa maelezo yako naanza kuishuku kesi. Kadi hii inakula wati 320 na karibu zote zinamwagwa humohumo ndani. Ni jiko dogo la umeme umelifungia kabatini. Feni mbili zinatoa, hakuna inayoingiza, hivyo kesi inafyonza kupitia kila tundu, na vumbi linapita hukohuko.

rejeta
Kipoozeo cha maji sahau, na sababu ni hesabu tu. Rejeta (sehemu ya kipoozeo inayopoza maji kwa feni) ya kawaida ina unene wa 27 mm, feni zake 25 mm, jumla 52. Ukiifunga mbele: 318 + 52 = 370, na nafasi yako ni 360. Juu huenda ikaingia, kama RAM ni fupi.
Hata ikiingia, bano la aina hiyo linashika chipu peke yake. Memori ya kadi (aina ya GDDR6X) na sakiti za umeme zinabaki na vipande vidogo vya alumini na upepo wa bahati. Wewe shida yako kubwa ni memori: 108, na ikifika 110 inajipunguza spidi. Utapoza kisichoumwa. Bloku ya maji inayofunika kadi nzima inashika vyote, lakini hapo unaingia gharama ya pampu, tanki na mabomba.
Kung'oa feni kunafanya kazi, ila pima kwanza. Feni ya 120 ina unene wa 25 mm, na chini yake acha angalau 20 mm hadi kwenye kifuniko cha pawasaplai, la sivyo inazunguka bila kuvuta. Utahitaji adapta ya kutoka plagi ndogo ya kadi kwenda pini nne, na mpangilio wa spidi uupange upya, maana asilimia 50 ya feni hizi si asilimia 50 ya zile za kadi.

Muulizaji
Nimejaribu, feni 70%, kwa mpangilio wa chipu, Hot Spot, memori. Imefungwa: 85, 99, 108. Wazi: 75, 89, 103.

bisibisi
Basi ni vyote viwili. Chipu imeshuka 10, hiyo ni kesi. Memori imeshuka 5 tu na bado iko juu ya 100, hizo ni pedi, vipande laini vinavyopitisha joto kutoka memori hadi kwenye kipoozeo. Tofauti ya chipu na Hot Spot ni 14, ya kawaida. Ingezidi 20 ningesema pesti ya joto kati ya chipu na kipoozeo imekauka au kipoozeo hakijakaa sawa.
Fuata mpangilio huu. Kwanza ni bure: fungua MSI Afterburner (programu ya kurekebisha kadi), bonyeza Ctrl+F upate mchoro wa volti na spidi ya chipu, shusha mstari wote, kisha nyanyua nukta ya 0.850 V hadi 1800 MHz na ubonyeze kukubali. Gemu ikijizima, panda 0.875 V. Kisha feni mbili za 140 mbele ziingize hewa, ya chini iwe usawa wa kadi. Feni ya juu iondoe kabisa kwenye kesi, inaiba hewa kabla haijafika kwenye kadi. Bati la mbele libadili kwa la wavu kama linapatikana; feni nyuma ya bati lililoziba ni kelele tu.
Jambo ambalo wengi hulisahau: mazabodi kwa kawaida huendesha feni za kesi kwa joto la CPU. Gemu ikiichosha kadi huku CPU imepumzika, feni zinasinzia. Tumia programu ya FanControl uzifungie kwenye joto la GPU, yaani chipu ya kadi.

pedi_laini
Nyongeza kwenye pedi: usinunue unene kwa kukisia. Watengenezaji wanatofautiana, kadi moja inaweza kuwa na 1, 1.5 na 2 mm pamoja. Pedi ikizidi nusu milimita tu, kipoozeo kinanyanyuka na chipu inakosa mgusano. Ndiyo maana watu hubadili pedi wakaona memori imepoa na Hot Spot imepanda. Piga picha kabla ya kubandua, pima kwa kalipa sehemu isiyobonyezwa, au tumia pati ya joto inayojipanga yenyewe.
Ukishafungua, pesti nayo ni lazima ibadilishwe. Kwa joto la pwani ningeweka PTM7950, utando mwembamba wa kuweka badala ya pesti; inayeyuka karibu nyuzi 45 na haikimbii pembeni kama pesti nyepesi. Skrubu nne za chipu zikaze kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja. Waya za feni zichomoe kwa kushika plagi, si waya.