Mrejesho: Matembezi ya Poon Hill, Nepal, mwezi Januari

Ndugu zangu, mwezi Novemba niliomba ushauri kuhusu safari fupi ya milimani nchini Nepal ambayo mimi na mke wangu, tusiowahi kupanda mlima, tungeweza kuimudu wakati wa baridi na bado tukapata kuona maisha na utamaduni wa wenyeji. Tumerudi salama, nami nawashukuru kwa dhati.

Tulichagua Poon Hill, kilima cha kutazamia milima chenye kimo cha mita 3,210, na tukamwajiri mpagazi kutoka mji wa Pokhara kama mlivyoshauri. Bila yeye tusingezimaliza ngazi za mawe za kijiji cha Ulleri, ambazo ni zaidi ya 3,000. Asubuhi ya kwanza mawingu yalifunika kila kitu, lakini kwa kuwa mlitusihi tulale siku mbili Ghorepani, kijiji kilicho chini ya Poon Hill, asubuhi ya pili tuliuona mlima Dhaulagiri, wenye mita 8,167, ukipokea jua, na mke wangu akatokwa na machozi.

Kilichoshindikana ni kuvuka kwenda kijiji cha Tadapani, kwani njia ilikuwa imeganda barafu nasi hatukuwa na vyuma vya kufunga viatuni, ambavyo mmoja wenu alivisisitiza nami nikavipuuza. Tulishuka tulikotoka, tukaenda Ghandruk kwa gari. Kijiji hicho cha watu wa kabila la Wagurung, chenye nyumba za mawe, kilistahili siku mbili, si moja tuliyokipa. Mji wa kale wa Bhaktapur, karibu na Kathmandu, tuliupa siku nzima, na hekalu la Nyatapola, la mwaka 1702, lilitosha kuijaza.

Mifuko ya kulalia tulikodi Pokhara. Blanketi za nyumba za wageni pekee zisingetosha.