Daktari wa binti yangu anataka mimi ndiye nipimwe moyo, niende?

KimyaKimya: Wakuu, binti yangu wa miaka 14 alianguka akikimbia shuleni, akazimia. Daktari wa moyo akauliza kama kwenye ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana. Nikamwambia mdogo wangu alilala mzima, asubuhi tukamkuta amefariki, miaka 31. Sasa anataka mimi nipimwe umeme wa moyo na ultrasaundi. Swali: vipimo hivyo vinaonyesha undugu wa damu?

Shangazi Mtandao: Pole kwa mtoto. Umeme wa moyo unabandikwa vinata kifuani, dakika chache tu, hauumi. Mimi presha hupanda nikiona koti jeupe, siku moja nilimtoroka muuguzi na kitambaa chake mkononi 😂

Fundi Saa: Nenda. Wanaume tunaisha kwa kuogopa hospitali.

Kalamu2: Undugu wa damu umetoka wapi tena? Funguka, mleta mada.

KimyaKimya: Haya. Mbegu zangu hazizalishi. Mke wangu alipata mimba kwa mbegu za mchangiaji, kliniki. Mtoto hajui, mama mkwe hajui. Fomu niliijaza binti kaegemea bega langu anasoma kila neno, ningeandika nini? Na baba ni mlezi, miaka 15 hii ni mimi. Nawaza nikapime tu, yaishe.

Mama Zamu: Hayataisha. Mimi ni muuguzi. Kuna ugonjwa wa msuli wa moyo kuwa mnene: mzazi akiwa na kasoro yake kwenye vinasaba, kila mtoto ana uwezekano wa 50% kuirithi. Ndiyo maana wanaanza na wewe. Ukikutwa mzima wanaweza kulegeza kwa binti, na moyo wako hausemi lolote kuhusu wake. Omba kumwona daktari peke yako. Upande wa baba uandikwe "haijulikani". Usiandike "hakuna", daktari ataamini.

Fundi Saa: Siri ya nyumba haitoki nje. Mngeridhika na alichopanga Mungu, haya yasingekuwepo.

Nasaba Sina: Mimi niliasiliwa. Miaka yote nilijaza kisukari cha mama aliyenilea. Nilipoambiwa ukweli nina miaka 30, kilichoniuma ni kwamba majirani walikuwa wanajua.

Shangazi Mtandao: Uingereza aliyechangia kuanzia Aprili 2005 hafichwi, mtoto akifika 18 anaweza kuulizia jina lake.

Kalamu2: Wakuu, hii ni chai. Juu binti ana miaka 14, chini kamlea 15.

KimyaKimya: Miezi ya tumboni nayo nimeihesabu, mkuu.

Kalamu2: …

KimyaKimya: Nimefukua bahasha ya kliniki. Karatasi moja: umri 24, afya njema, wazazi wote hai.

Mama Zamu: Hiyo ni habari ya mwaka ule. Kijana wa 24, wazazi wake bado wana nguvu, magonjwa mengi ya kurithi yalikuwa hayajajitokeza. Piga kliniki uulize kama alileta taarifa nyingine baadaye. Na binti asikimbie mpaka daktari aruhusu.

KimyaKimya: Nimempigia daktari, kesho saa mbili. Fomu nitaijaza upya. Kumwambia binti bado, hilo msinisukume.

Fundi Saa: Mkeo anajua umeleta uzi huu?