Kukusanya mighani kwa fanani na kuchanganua dhima zake: nianzie wapi?

Mwanagenzi
Habari zenu wanajamvi. Nina kazi ya kukusanya mighani moja (simulizi ya shujaa wa jadi) kwa fanani, yaani msimulizi, mzee, niinukuu, kisha nichanganue dhima zake, yaani kazi inayofanya, katika jamii. Nirekodi vipi ili nisije nikabaki na maneno matupu bila utendaji? Na kwenye uchanganuzi, kazi nyingi nilizosoma huishia "inaburudisha, inaelimisha, inahifadhi historia". Nitapitaje hapo?

Kiitikio
Karibu. Anza na ridhaa kabla hujawasha chochote. Mweleze simulizi itatumika wapi, nani ataisikia, na umuulize kama anataka jina lake litajwe. Akikubali, washa, kisha mwombe arudie kukubali kwa sauti yake. Zipo simulizi ambazo ni mali ya ukoo. Akisema kipande fulani kisiandikwe, kisiandikwe.

Ukitumia simu, iweke katika hali ya ndege, maana mtu akipiga rekodi inaweza kukatika katikati ya wimbo. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa): stirio ya 44.1 kHz na biti 16 hula takriban MB 10 kwa dakika, yaani kama MB 600 kwa saa, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo. Ilaze simu juu ya kitambaa kilichokunjwa. Juu ya meza tupu, kila kidole kinachogonga kitasikika kuliko fanani.

Kinachoharibu kazi nyingi ni kumweka fanani chumbani peke yake na mtafiti. Asipokuwa na wa kumwitikia huacha nyimbo, huruka vitushi (matukio ya simulizi), na mighani inageuka muhtasari. Omba wawepo watu wawili watatu ambao humsikiliza siku zote. Na usimkatize, hata kwa jina usilolijua. Andika dakika na sekunde, uulize akimaliza.

Mnukuzi
Naongezea unukuzi. Saa moja ya sauti tenga angalau saa 5, zaidi ikiwa ni lahaja usiyoizoea. Kata mstari anapovuta pumzi, usipange aya. Onyesha kicheko cha hadhira, kimya, tanakali za sauti (maneno yanayoiga sauti), ishara za mikono. Usisanifishe lugha yake: matini asilia ibaki ilivyo, tafsiri ikae safu ya pili.

Jadi_na_Nadharia
Ndugu Mwanagenzi, orodha hiyo unayoikimbia si uongo, ila haina ushahidi. Mwanaanthropolojia William Bascom alitaja dhima nne mwaka 1954: kuburudisha, kuhalalisha mila na taasisi, kuelimisha, na kuwafanya watu wafuate kaida. Zitumie kama maswali, usizigeuze vichwa vya sura. Kila dhima unayodai, iwekee ushahidi wa aina tatu: mstari wa matini, jambo lililotokea wakati wa utendaji, na maelezo ya fanani au hadhira. Ukikosa aina mbili kati ya hizo, dai hilo lifute.

Chukua kifo cha Fumo Liyongo, shujaa wa mighani ya Waswahili. Mwanawe anamdadisi ni kitu gani kinaweza kumuua, baba anamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Mwana aliyekwisha kuahidiwa makubwa na maadui anamchoma usingizini, naye Liyongo anakwenda kufia kisimani, amepiga goti, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mwanafunzi mwepesi ataandika "inafunza tusisaliti". Lakini kitushi hicho hicho kinaweza kumtukuza shujaa, kumlaumu mtawala anayemwinda mpinzani wake, au kuonya kuhusu siri za nyumbani. Ipi ndiyo dhima yake? Inategemea nani anasimulia, kwa nani, na anakaza sauti wapi. Akipita haraka kwenye sindano na kukaa kisimani, hiyo ni data.

Kwa hiyo baada ya masimulizi muulize: husimuliwa lini, na lini haifai? Nani haruhusiwi kuisimulia? Aliipata kwa nani? Pale kisimani, yeye anaelewa nini? Usimuulize "ina funzo gani?", utapewa jibu la darasani.

Mwanagenzi
Shukrani sana. Je, nichanganue masimulizi mamoja au niombe arudie?

Jadi_na_Nadharia
Airudie siku nyingine, mbele ya hadhira tofauti: wazee mara moja, vijana mara nyingine. Ziweke nukuu mbili sambamba na upigie mstari kilichoongezwa na kilichoachwa. Uchanganuzi wa dhima anza nao hapo, kwenye tofauti.