CRP ya baba imeshuka lakini miguu inavimba. Naombeni ushauri

Binti wa Kihonda

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Baba yangu ana miaka 63. Wiki tano zilizopita kifua kilimbana alfajiri, jasho likamtoka mpaka shati likaloa. Akadhani ni gesi, akanywa maji ya magadi, akalala. Tumefika hospitali saa saba mchana. Wakasema ni shambulio la moyo, mshipa mkubwa wa mbele umeziba. Alilazwa siku tisa.

Siku ya tatu wodini CRP yake, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na inflamesheni, yaani uvimbe wa ndani, ilisoma 94. Daktari wa zamu akasema iko juu, na kwamba wagonjwa wa namna hii huwa wanafuatiliwa kwa karibu maana moyo unaweza kuja kupanuka na kushindwa kazi. Neno hilo halijanitoka kichwani. Eko, ile picha ya moyo, ilionyesha EF 42, yaani kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 42 ya damu iliyomo.

Juzi nilimpeleka maabara ya mtaani, CRP ikaja 1.1. Mama alipiga vigelegele. Lakini jioni miguu inavimba, soksi inaacha alama, na wiki hii analalia mito mitatu. Halafu baba mdogo anamnunulia diklofenaki kwa ajili ya magoti, anasema inatibu na inflamesheni ya moyo. Kliniki ni baada ya siku 12. Tusubiri tu?

Mzee wa Mikindani

Pole sana mwanangu. Mimi nilipatwa mwaka 2019, na mito ilianza kuongezeka hivyo hivyo, nikanyamaza nisiwasumbue watoto. Msisubiri siku 12.

Fundi Maabara

Dada, kabla ya yote kaangalie karatasi zote mbili, pembeni ya namba pameandikwa nini. Hospitali nyingi zinatoa CRP kwa mg/L, miligramu kwa lita. Zipo maabara zinazotoa kwa mg/dL, miligramu kwa desilita, na hapo 1.1 ni sawa na 11 kwa kipimo kile cha kwanza. Nimeshaona familia zikifurahi bure kwa jambo hili, na nyingine zikilia bure.

Binti wa Kihonda

Nimeangalia sasa hivi. Ya kwanza mg/L. Ya pili mg/dL. Mikono inatetemeka.

Sista wa Zamu

Tulia mdogo wangu, nisikilize. Nimefanya kazi wodi ya moyo miaka 11.

Msuli wa moyo ukikosa damu unakufa, na mwili unatuma chembe nyeupe kwenda kusafisha pale palipokufa ili kovu lijengwe. Kazi hiyo ndiyo inflamesheni yenyewe, na bila hiyo kidonda hakiponi. Ini linapopata taarifa hizo linamwaga CRP kwenye damu. Inapanda ndani ya saa chache, inafika kileleni kati ya siku ya pili na ya nne, halafu inashuka taratibu. Kwa hiyo 94 ya siku ya tatu ilikuwa inaeleza zaidi ukubwa wa kidonda, na mzee alichelewa kufika, msuli mwingi umeumia. Inflamesheni hiyo ikiwa kali au ikikawia kutulia, ukuta wa moyo unalegea na kutanuka. Ndiyo maana daktari aliwaonya.

11 ya leo haisemi inatoka wapi. Inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa magoti, jino bovu, kifua au mkojo. Hiyo ataitafuta daktari. Kinachonitia hofu mimi ni mito mitatu. Maji yanapanda kwenye mapafu mzee akilala chali. Mpelekeni kesho asubuhi, na usiku huu pumzi ikimbana akiwa amekaa, msingoje kukuche.

Na diklofenaki isimame leo. Inafanya figo zishike chumvi na maji, moyo uliochoka unazidiwa mzigo. Kwa mtu anayemeza aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, inaongeza pia hatari ya kuvuja damu tumboni. Denmark walifuatilia wagonjwa zaidi ya 60,000 waliopona shambulio la moyo, na waliotumia dawa za jamii hiyo walivuja damu zaidi na kupata matatizo ya moyo zaidi, hata waliozitumia siku chache tu. Magoti aombe parasetamo kwa kipimo atakachopewa. Mwambieni baba mdogo kwa upole, najua alinunua kwa mapenzi.

Kijana wa Pugu

Nimesoma kuna dawa ya gauti, kolchisini, inashusha inflamesheni ya moyo. Si amnunulie hiyo?

Mfamasia wa Zamani

Mdogo wangu, hilo ni swali zuri, ila asinunue mwenyewe. Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS, wenye wagonjwa 10,061, ulionyesha kwamba sindano ya kanakinumabu, dawa ya kushusha inflamesheni, inapunguza mashambulio mapya, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, na bei yake haigusiki. Kolchisini ilifanya vizuri kwenye COLCOT mwaka 2019, watu 4,745. Kisha mwaka 2024 ukaja utafiti mkubwa zaidi wa CLEAR, watu 7,062. CRP ilishuka kweli kwa waliomeza dawa, ila mashambulio na vifo havikupungua.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka familia hii ilishike. Namba ilishuka na mgonjwa hakunufaika. Kolchisini pia inaharisha, na kwa mwenye figo dhaifu inaweza kugeuka sumu. Kinachomlinda mzee ni dawa alizopewa zinazopunguzia moyo mzigo, pamoja na atovastatini, dawa ya kolesteroli, ambayo nayo hushusha CRP kiasi. Dada, anazimeza zote?

Binti wa Kihonda

Bisoprololi, ile dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, aliacha wiki iliyopita. Alisema inamchosha. Sikujua mpaka nilipomuuliza sasa hivi.

Sista wa Zamu

Beba dawa zote kwenye mfuko kesho, na hiyo diklofenaki. Bisoprololi asiirudie mwenyewe usiku huu, daktari amwone kwanza, maana kwa mtu aliyejaa maji inaangaliwa kipimo. Tafuteni mizani. Apimwe kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai, mwandike kwenye daftari. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si kunenepa. Na dagaa wa chumvi muwasahau.

Mama Ng'ambo

Manjano na kitunguu saumu je?

Mfamasia wa Zamani

Kwenye mchuzi aendelee kula, mama. Vile vidonge vyake vilivyokolezwa asimeze juu ya aspirini na klopidogreli.

Binti wa Kihonda

Narudi kuwapa mrejesho, siku ya nne leo. Tulienda asubuhi ile. Kilo zilikuwa zimezidi tatu tangu atoke wodini, mapafu yana maji, EF 38. Wakamlaza, wakamchoma furosemaidi, amekojoa usiku kucha. Bisoprololi imerudishwa leo kwa kipimo kidogo, wameongeza dapagliflozini, dawa nyingine ya kusaidia moyo. CRP wamepima, 12, na wamekuta jino la nyuma limeoza lina usaha. Jana usiku amelalia mto mmoja. Baba mdogo ndiye aliyenunua mizani.