Land Rover Series III au Land Cruiser BJ40: yote yamefufuliwa, kilomita hazijulikani

Mwanamwalo
Wakuu, Mwanza hapa kuna Series III ya petroli, lita 2.25, na BJ40 ya dizeli, lita 3. Yote yamepigwa rangi upya. Kazi ni kwenda Kirumba na kushusha mtumbwi majini. Nichukue lipi?

FundiNyakato
Mkuu, dashibodi isikushughulishe. Odometa nyingi za miaka hiyo zina tarakimu tano: zikivuka 99,999 zinaanza sifuri. Pima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, kwa geji. Kwa petroli, pasha injini moto, chomoa waya wa koili, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata mizunguko mitano au sita kila silinda. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 15, tia kijiko cha oili kwenye ile dhaifu, pima tena. Ikipanda, ringi au silinda imelika. Isipopanda, tazama valvu. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi. BJ40 inataka geji ya dizeli. Ya petroli haihimili presha ile.

Nyamagana40
Pesa iko kwenye chesisi, ile fremu ya chini. Bodi ya Land Rover sehemu kubwa ni aluminiamu, sumaku haisemi kitu pale. Lakini chesisi ni chuma. Gonga boriti ya nyuma na mikono ya pembeni kwa nyundo ndogo. Pakilia butu, kuna kutu au puti ya kuziba mashimo. BJ40 ni chuma mwili mzima: sumaku isiposhika kwenye matao ya magurudumu, chini ni puti. Na uliza lilikokaa. Ziwa letu halina chumvi, ila gari la Tanga limekula hewa ya bahari.

Igogo4x4
Kwa kazi ya mtumbwi, fungua nati ya oili ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli), mbele na nyuma, kabla ya kulipa. Oili ya rangi ya maziwa ina maji. Difu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ndani hunywea na maji hunyonywa kupitia sili, hasa kipumulio kikiziba. Mimi ni BJ40, chesisi ikiwa nzima.

FundiNyakato
Chesisi ya BJ40 ikiwa na viraka, chukua Land Rover: vipande vya bodi hufungwa kwa bolti, unabadilisha kimoja kimoja. Ila linganisha namba ya chesisi na kadi. Pakiwa pamesagwa au pamechomelewa upya, usitoe hata kianzio.